Ile ya Mlango

Siku za kufiwa zilipokwisha na mikeka ikarudishwa kwa wenyewe, wake wawili wa marehemu mwenye duka la kanda za video waliketi na shemeji yao, wakaelewana upesi kuliko majirani walivyotazamia. Duka lingegawanywa. Bi Mkubwa angebaki palepale, kwenye chumba kinachotazama mtaa wa gereji, kwa sababu chumba cha nyuma ndimo alimolala. Bi Mdogo angehamia upande wa pili wa mji, karibu na chuo cha wauguzi, ambako mama yake alikuwa na chumba cha duka kisicho na kitu. Na ili wasije wakanyang'anyana wateja, kila mmoja angechukua aina zake za filamu na asiguse za mwenzake.

Wazo la kugawa kwa aina lilikuwa la shemeji. Alikuwa mpima ardhi, mtaa mzima ukimwita Futi, na kwa miaka thelathini hajakutana na ardhi iliyomkatalia kigingi.

"Kanda ni kama viwanja," alisema. "Rafu ziko tano. Mapigano, mapenzi, vichekesho, za kutisha, za mafundisho. Watu wa gereji wanataka ngumi. Wauguzi wanataka mapenzi na kicheko. Bi Mkubwa, chukua mapigano, za kutisha na mafundisho. Bi Mdogo, mapenzi na vichekesho. Kesho kutwa tumemaliza."

"Yaani mimi mtu wa sala nibaki na majambazi na mizimu," alisema Bi Mkubwa.

"Utawaombea," Bi Mdogo akamjibu.

Hawakuwa maadui hawa. Miaka kumi na miwili walikuwa wamekaa nyumba moja, wakigombania maji ya kuogea na kuuguziana watoto, na mmoja alijua mwenzake anakoroma vipi. Lakini kamba iliyokuwa imewafunga pamoja ilikuwa imezikwa, na Bi Mdogo alikuwa bado kijana wa kuanza upya. Bi Mkubwa hakumlaumu. Kilichomnyima usingizi kilikuwa kingine. Duka likifa, ingembidi akaishi kwa binti yake, chini ya dari ya mkwe. Mkwe mwenyewe hakuwa mtu mbaya, na huo ndio ulikuwa ubaya wake. Angempisha kitini kila aingiapo, angezima redio, angekula chakula chake uani kwa heshima, mpaka mama mkwe ajione kama mgonjwa aliyekataa kufa. Kukaa kwa mkwe ni kuvaa kiatu kizuri cha mtu mwingine: unakisifu, na kinakubana.

Asubuhi ya kwanza walifika na vigoda vitatu, na Futi na daftari lake. Hapo ndipo walipogundua kwamba rafu zile tano zilikuwa mapambo. Karatasi za majina zilikuwapo, zimefifia, lakini marehemu alikuwa akirudisha kanda popote penye nafasi. Chini ya "Mafundisho" palikuwa na mauaji matatu na arusi moja. Yeye hakuhitaji rafu. Mtu akiingia alimtazama usoni, akanyoosha mkono, akamtolea kanda.

"Basi tutazichambua moja moja," alisema Futi. "Filamu haiwezi kuwa vitu viwili, kama kiwanja kisivyoweza kuwa na hati mbili."

Kanda ya kwanza ilikuwa ya mzimu wa mwanamke uliompenda mtu wa posta.

"Mapenzi," alisema Bi Mdogo, akaiweka upande wake.

"Ya kutisha," alisema Bi Mkubwa, akaivuta. "Mzimu ni mzimu hata ukichumbia."

"Nani anayeogopa humo ndani?" Futi aliuliza.

"Mtu wa posta."

"Mpaka lini?"

"Mpaka siku ya arusi."

Futi alifikiri, akaandika mapenzi, akafuta, akaandika tena. Ya pili ilikuwa ya askari wa kuogofya ambaye suruali yake ilikuwa ikimvuka kila akipiga mbio. Ya tatu ilikuwa ya kufundisha ufugaji wa nyuki, na hiyo Futi aliiandika mafundisho bila kuuliza, mpaka Bi Mkubwa alipomweleza kwamba fundi wa breki wa ng'ambo ya barabara huikodi mara kwa mara na hawezi kuitazama peke yake.

"Kwa nini?"

"Anawaogopa nyuki."

"Sasa anaikodi ya nini?"

"Hilo muulize mwenyewe, shemeji. Mwingine hupenda kupanda juu ya mnazi ili aone anavyotetemeka."

Kesho kutwa ikapita, na juma likapita. Futi alianza kuja na kofia mkononi kama mtu anayekwenda kwa daktari wa meno. Hata hivyo kazi ilisogea, kwa sababu wanawake wale wawili walijifunza kubadilishana: nipe huyu rubani, chukua wale wachawi. Siku ya kumi zilikuwa zimebaki chache tu, na juu ya hizo chache ilikuwa kanda moja nyeusi isiyo na karatasi wala kasha, ambayo mji mzima uliita Ile ya Mlango.

Hakuna aliyejua jina lake la kweli. Ilikuwa ya lugha ya ng'ambo, isiyosemwa na mtu yeyote pale mtaani, na haikuwa na maandishi chini. Humo mlikuwa na mwanamume mrefu anayerudi kwao na mfuko mgongoni, mwanamume mfupi anayemkimbia, mwanamke mwenye kilemba, mama mzee mgonjwa, paa linalovuja, ugomvi darajani, na usiku wa mvua ambapo yule mrefu anavunja mlango. Ni hayo. Lakini tangu ilipoingia dukani kanda ile haijapata kulala rafuni siku tatu mfululizo. Kwenye msumari karibu na dirisha palining'inia karatasi ya majina ya wanaoisubiri, na anayeisubiri hakurudi mikono mitupu. Alichukua nyingine ya kupunguzia hamu. Duka lilikuwa likila kwa mgongo wa kanda ile. Bi Mkubwa alilijua hilo, na Bi Mdogo alilijua, na kwa hiyo siku kumi zote walikuwa wakiisukuma pembeni kama watu wanaomwachia jirani nyama ya mwisho sahanini.

"Mapigano," alisema Bi Mkubwa, kwa sauti ya kawaida. "Ugomvi wa darajani peke yake unatosha."

"Mapenzi, dada. Yule anarudi kwa ajili ya nani? Anarudi kupigana na daraja?"

Kunakili hawakukusema hata kwa mdomo. Marehemu alikuwa ameapa mbele yao wote wawili kwamba hatanakili kazi ya mtu, na kiapo cha marehemu hakivunjwi na wajane wake kabla hata nguo zake hazijagawiwa.

Futi alivua saa ya mkononi akaiweka juu ya meza. Uso wake uling'aa kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Hatimaye kulikuwa na kitu cha kupima.

"Tutaipima kwa dakika," alisema. "Dakika za mapigano safu hii, za mapenzi safu hii. Yenye nyingi ndiyo yenye kanda. Ambazo si huku wala huku nitaziandika njia. Njia haina mwenyewe."

Walikubali. Bi Mkubwa akafuta deki kwa kitambaa, Bi Mdogo akasukuma kanda ndani, na kazi ikaanza. Mama mzee akikohoa: njia. Mrefu na mwenye kilemba wakitazamana kisimani: mapenzi, dakika mbili na nusu. Mfupi akirusha jiwe: mapigano. Paa kuezekwa: njia, ingawa Bi Mdogo alidai kwamba mwanamume hamwezekei mwanamke paa bure, na Bi Mkubwa akasema wako walipwao. Darajani palikuwa na dakika kumi na tisa za mapigano, ila Bi Mdogo alipigania moja ambamo mrefu anasimama katikati ya ngumi kumtazama mwenye kilemba aliye ng'ambo. Futi akampa nusu.

Ikafika usiku wa mvua. Mwanamume mrefu anatembea kwa haraka, chuma mkononi, anafika mlangoni, anauvunja, anaingia, giza. Dakika nne.

"Mapigano," alisema Bi Mkubwa. "Anakwenda kumkamata mdogo wake aliyemnyang'anya shamba alipokuwa vitani."

Bi Mdogo alimgeukia. "Shamba gani? Mle ndani kuna mkewe. Amefungiwa na wazazi wake, mgonjwa, wanataka kumpa yule mfupi. Anakwenda kumtoa."

"Nani aliyekwambia hayo?"

"Marehemu."

"Marehemu aliniambia mimi ni shamba. Na yule mfupi ni ndugu yake, tumbo moja."

"Mimi aliniambia hawana undugu kabisa."

Wote wawili wakamtazama Futi. Futi alikohoa.

"Mimi aliniambia amesahau ufunguo," alisema. "Ndiyo maana nilikuwa nikicheka kila mara, nikashangaa ninyi hamcheki."

Deki ilivuma. Nje, fundi mmoja alikuwa akigonga bati. Kisha Bi Mdogo aliziba mdomo kwa ncha ya khanga, na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Kumbe lugha yenyewe alikuwa haijui," alisema alipopata pumzi.

"Alijua asante na hoteli," alisema Bi Mkubwa. "Hayo mawili tu. Nimeolewa naye miaka ishirini na tatu."

Sasa walielewa, na kila mmoja alianza kukumbuka kwa upande wake. Mafundi walipoingia, marehemu aliinama juu ya meza akawasimulia ndugu wawili na shamba. Wanafunzi wa uuguzi walipoingia, aliinama vilevile, sauti ikashuka, akawasimulia mke aliyefungiwa. Mlinzi wa benki aliambiwa ni wezi. Kila mtu alikwenda nyumbani na filamu yake, akaitazama, akaikuta mlemle, akarudi kuwaambia wenzake. Bi Mkubwa alitaka kukasirika kwa ule uongo na akashindwa. Hakuwa na hakika kama ulikuwa uongo. Mtu asiyeijua lugha akikwambia anachodhani kinasemwa, amekudanganya, au amekisia kwa sauti kubwa? Aliliweka swali hilo pembeni. Angelifikiria usiku akiwa na Mungu wake.

Futi alikwisha jumlisha. "Bila ya mlango, mapigano ni dakika thelathini na tatu. Mapenzi, thelathini na moja. Zilizobaki ni njia. Mlango una nne. Ukiwa wa mapenzi, kanda ni ya Bi Mdogo. Ukiwa wa mapigano, ni ya Bi Mkubwa. Na msipoelewana nitauandika njia, na mapigano yatakuwa yameshinda kwa mbili."

"Kwa hiyo dada akinyamaza tu ameshinda," alisema Bi Mdogo.

"Hesabu ndiyo inayosema, siyo mimi."

"Basi turudishe nyuma tuuone tena."

Waliurudia mlango mara tatu. Kanda ilikuwa imechakaa pale, kwa sababu ndipo kila mtu huirudisha, na chenga nyeupe zilianguka pamoja na mvua hata usijue ipi ni ipi. Futi alitazama saa yake zaidi ya kioo cha televisheni. Bi Mdogo alimtazama mwanamume usoni, akitafuta mapenzi. Bi Mkubwa alikuwa amevuta kigoda karibu, na kwa kuwa maneno hayakumsaidia, na hadithi ya marehemu sasa aliijua ilikotoka, alitazama kama anavyomtazama mtoto mdogo asiyejua kusema mahali panapomuuma. Alitazama mikono.

Mara ya tatu akaona. Chini kabisa ya kioo, kati ya chenga, mkono wa yule mwanamume uliteremka taratibu ukaegemeza kile chuma ukutani. Hakukitupa. Alikiegemeza kwa namna ya mtu asiyetaka kitoe sauti. Ndipo akarudi nyuma hatua mbili, akaupiga mlango kwa bega. Kwa bega, na chuma anacho. Mara mbili ulimkatalia, akajishika bega, akaupiga tena.

Bi Mkubwa alisogeza kigoda nyuma. Miaka kumi na miwili alikuwa ameiona filamu ile kutoka nyuma ya meza, akikunja nguo, akimhudumia huyu na yule, na hakuwahi kuuona mkono ule. Aliwatazama wenzake. Hakuna aliyeuona.

"Nakwenda kusali," alisema. "Wakati umefika."

Alikaa chumba cha nyuma muda wake wa kila siku, hakuzidisha. Alisali kama alivyozoea, ila katikati ya maneno alijikuta anamwona mkwe wake akiinuka kitini. Akarudi mwanzo. Akamwona tena, safari hii akizima redio. Akayamaliza maneno hivyohivyo, mkwe akiwa amesimama kando, akainuka, akanyoosha magoti na kurudi dukani.

Futi alikuwa na kalamu mkononi. Bi Mdogo alikuwa amesimama dirishani, anasoma ile karatasi ya wanaosubiri kama mtu anayeaga.

"Niandike njia?" Futi aliuliza.

"Usiandike. Rudisha nyuma, mdogo wangu, kisha uje ukae hapa kwangu. Usimtazame usoni. Tazama chini, mkono wa kulia."

Bi Mdogo alirudisha. Akaketi. Mvua ikanyesha, mtu akaja, chuma kikaegemezwa ukutani.

"Ameweka chini silaha," alisema Bi Mdogo polepole.

"Chuma kingeuvunja mlango kwa pigo moja. Lakini aliye nyuma yake kingemwumiza. Anajua kuna mtu amelala karibu na mlango, na hataki aumie. Mtu anayekwenda kupigana haachi chuma nje akaingia na bega bovu." Bi Mkubwa alimgeukia shemeji yake. "Andika mapenzi."

"Nne?"

"Zote nne."

Futi aliandika, akapiga mstari, akajumlisha, ingawa kila mtu alijua jibu. Thelathini na tano kwa thelathini na tatu. Alisema "Haya" kama anavyosema kigingi cha mwisho kinapoingia. Bi Mdogo hakuichukua kanda. Ilikuwa imebaki ndani ya deki, na kwenye kioo yule mwanamume alikuwa amesimama na bega lake, chenga zikimpita.

"Ungeweza kunyamaza," alisema Bi Mdogo.

"Ningeweza."

"Na hungepata dhambi kubwa. Hatukuwa tumeona."

"Nimetoka kusali sasa hivi. Hata magoti hayajapoa." Bi Mkubwa aliitoa kanda, akaipangusa, akamtilia mwenzake kikapuni. "Na karatasi ya majina ichukue. Wakija hapa nitawaelekeza kwako. Fundi wa breki ni wa nne, usimruke, ana kinyongo."

Bi Mdogo alikishika kikapu kwa mikono miwili bila kukiinua. Alimjua mwenzake. Alijua kuhusu mkwe na redio, kwa sababu Bi Mkubwa alikuwa amemsimulia mwenyewe siku moja wakichambua mchele, kama mzaha.

"Shemeji," alisema, "fungua ukurasa wa vichekesho."

"Wa nini tena?"

"Vihamishe. Rafu nzima ya vichekesho ibaki hapa."

"Mpaka umeshachorwa, shemeji. Tumekaa siku kumi."

"Ufute. Wauguzi wangu watashiba mapenzi. Hawa wa gereji wanapigwa na nyundo vidoleni kutwa nzima, wasipate cha kuchekea? Mtu hawezi kuishi kwa duka la ngumi na mizimu peke yake, hata mteja atakayeingia ataingia amenuna."

"Mdogo wangu, hiyo ni rafu nzima kwa kanda moja," alisema Bi Mkubwa.

"Na ile moja nimeipataje?"

Bi Mkubwa alitaka kukataa mara ya pili, kama adabu inavyotaka, lakini aliuona uso wa mwenzake akaona kwamba adabu ingekuwa tusi. Akashukuru kwa neno moja. Futi alifuta ukurasa mzima kwa mistari mirefu, kila mstari ukimwuma, na wanawake wakaanza kuzirudisha kanda za vichekesho rafuni, Bi Mdogo akizitoa boksini na Bi Mkubwa akizipanga kwa utaratibu wake mpya, makasha yote yakitazama upande mmoja. Hakuwa tena na haja ya kumfikiria mkwe. Aligundua hilo baada ya kanda ya tano au ya sita.

Kisha akasimama na kanda moja mkononi.

"Hii ya mwokaji mikate nani aliiweka huku?"

"Mimi. Si inachekesha? Pale anapoangukia kwenye unga."

"Mwishoni anabaki peke yake na tanuri lake."

"Anabaki peke yake kwa kuchekesha."

"Aliyebaki peke yake hachekeshi, mdogo wangu."

"Huyu anachekesha. Hukuiona vizuri, ulikuwa unakunja nguo."

Futi alifunga daftari. Alisema kuna shamba upande wa mtoni linamngoja, shamba la watu wanaopigana kwa mapanga, na anakwenda huko apumzike. Hakuna aliyemzuia. Bi Mdogo alikuwa amekwisha kuisukuma kanda ya mwokaji ndani ya deki, na Bi Mkubwa alikuwa akivuta kigoda cha pili.